Mguu Hauendi Peke Yake

Jumatatu, 3 Juni

Mguu umekamilika! Saa saba na nusu mchana nimekaza nati ya mwisho, nikausimamisha mezani, nikauzunguka mara tatu. Mzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna wa kunisemea. Mkuu wa karakana haoni tofauti kati ya mguu na mwiko. Miaka kumi na nne natengeneza miguu bandia ya watu, na huu ni wa mdogo wangu.

Wa kushoto, chini ya goti. Ajali ya pikipiki mwaka jana, huko huko nchi jirani anakofundisha hesabu. Februari alikuja nyumbani, nikampiga plasta ya kipimo kwa mikono yangu, nikamwambia Juni nitakuletea. Nilisema nitakuletea. Sikusema nitakutumia.

Sasa kule kumechafuka. Uchaguzi umeahirishwa mara ya tatu, watu wameingia barabarani, shule zimefungwa, mabasi ya kuvuka mpaka yamesimama tangu Alhamisi. Redio inasema serikali yetu inashauri raia wasiende kule "bila sababu ya lazima". Kwani mguu si sababu ya lazima? Wajaribu kukaa bila wa kwao wiki moja.

Naenda. Au siendi? Naenda. Nimeshaandika, basi.

Jumanne, 4 Juni

Nilimwambia Mama akiwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa. Akasema mtoto wake mmoja yuko kwenye moto, na huyu wa pili anataka kwenda kuuota. Halafu hakusema tena. Lakini sufuria jioni zilisema! Kila moja iliwekwa kwa kishindo.

Baadaye akauliza kwa nini mdogo wangu asije yeye. Nikamweleza: upande ule abiria wanashushwa kilomita mbili kabla ya mpaka, wanamalizia kwa miguu. Kilomita mbili kwa magongo? Na ule mguu aliopewa hospitali ya kule unamchuna ngozi, ameutupa chini ya kitanda. Mama akatazama miguu yake mwenyewe. Najua alikuwa anazihesabu hizo kilomita.

Nilipompigia mdogo wangu, nikamwambia nitamtafutia hata lori limlete. Akasema hatoki, ana shughuli. Nikamuuliza shule zimefungwa, unamfundisha nani, madawati? Akacheka. Shughuli gani, hakusema. Laini ikakatika, au alikata. Huyu tangu utoto tunamwita Kichwa Kigumu, na jina halijawahi kumpwaya.

Jumatano, 5 Juni

Nimeomba ruhusa ya siku tano. Mkuu akavua miwani — hapo ujue umenyimwa. Ushauri wa serikali, bima, nani atajibu likinikuta la kunikuta. Akamaliza kwa kuniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia basi atakuwa amefika mahali penyewe, si tunatengeneza? Alicheka kidogo, akavaa miwani, akakataa tena.

Halafu akatoa wazo lake. Mpe Breki aupeleke.

Breki ni dereva wa lori, mteja wangu wa miaka sita. Mguu wake wa kulia ni kazi yangu, na ndio anaokanyagia breki, ndiyo maana ya hilo jina. Kila wiki anavuka na shehena ya dawa, na malori ya dawa hayazuiliwi. Andika maelekezo, akasema Mkuu, mtu wa kule ayafuate, kwisha. Wazo limependwa na kila mtu. Mama amenikumbatia! Mara ya mwisho kunikumbatia hivyo nilikuwa nimefaulu mtihani.

Na mimi — humu sidanganyi — nilipumua. Nilikuwa naogopa, jamani. Nimeona zile picha za matairi yanayowaka katikati ya barabara. Ujasiri wangu wote wa Jumatatu ulikuwa wa mdomoni.

Nimeandika maelekezo. Kurasa tatu, na michoro. Mtoto wa darasa la tano angeelewa.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya leo sitaisahau.

Usiku mzima sikulala vizuri. Asubuhi nikasema hapana, kazi yoyote hujaribiwa kabla ya kutoka. Breki alikuja kupakia dawa. Nikamwomba aketi, nikamlegezea nati za kifundo cha mguu wake, nikampa Mkuu zile kurasa tatu na spana. Mkuu, wewe ndiye mtu wa kule. Fuata maelekezo.

Alisoma kwa sauti. Alishika ukurasa wa pili juu chini. Akakaza nati ya mbele ambapo nimeandika ya nyuma, nimepiga na mstari! Dakika arobaini. Kisha akasimama, akajipangusa mikono, akamwambia Breki atembee.

Breki alitembea kama bata aliyetishwa. Hatua nne, akashika ukuta. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mzee mmoja akaomba maji. Breki mwenyewe alikuwa hacheki. Alisema, "Fundi, mimi nina miaka sita na mguu huu, nusura nianguke. Huyo mdogo wako wa siku ya kwanza itakuwaje?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba naenda mwenyewe. Si kwa ushujaa. Kigutu, ile sehemu ya mguu iliyobaki, hupungua unene miezi ya mwanzo, kipimo cha Februari si cha Juni. Hakuna karatasi itakayojua panapomuuma. Lazima nimtazame usoni akiweka uzito, maana yeye mdomoni hatasema. Nikituma huu mguu utaishia chini ya kitanda na mwenzake.

Mkuu amesaini ruhusa bila kuvua miwani. Ameniandikisha pia kwamba naenda kwa hiari yangu. Sawa. Kwa hiari yangu!

Jumamosi, 8 Juni

Nimefunga mguu kwenye blanketi, nikauweka kwenye begi refu. Spana, soksi za kigutu jozi sita, sponji, gundi, mkasi. Nguo zangu mbili. Pasipoti.

Mama aliingia na sweta lake akaniwekea juu ya begi. Nikamwambia kule ni joto. Akasema joto si la siku zote. Akaketi kitandani. Nilidhani atalia, hakulia. Alisema, "Nenda. Lakini mrudishe. Usinirudie peke yako na stori." Lori la Breki, nitakalopanda kesho, linarudi Jumanne saa nne asubuhi, kichwani mna nafasi ya watu watatu. Hesabu yake ameshaipiga.

Nikamwahidi. Sikufikiri hata kidogo, nilisema tu ndiyo Mama, nitamleta. Maji nimeyavulia nguo, niyaoge.

Jumapili, 9 Juni

Nimefika! Naandikia mezani kwa mdogo wangu, yeye yuko jikoni ananiimbia kwa makusudi wimbo ninaouchukia.

Safari imechukua saa tisa. Kwenye mteremko wa kwanza Breki aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia breki inakanyagwa na kazi ya mikono yangu, niogope nini? Alifurahi, akaongeza mwendo. Hapo nikaogopa.

Mpakani watu walikuwa wanakuja upande wetu, mistari miwili, mabegi kichwani. Kwenda upande wa pili: sisi na lori la unga. Afisa uhamiaji akafungua begi langu, akarudi nyuma hatua moja. Akauliza ni wa nani. Wa mdogo wangu. Akaupapasa kwenye kisigino, kwa adabu kabisa, akagonga muhuri. Akasema yeye angekuwa na dada wa namna hii angekuwa mbali. Nimevimba kichwa mpaka sasa.

Barabarani, mji umetulia kuliko nilivyotarajia. Maduka nusu wazi. Mabaki ya matairi, meusi, yamefagiliwa pembeni. Mtu aliyefagia alifagia vizuri.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi yote tumefanya kazi. Kigutu kimepungua kuliko nilivyodhani! Kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, kilicheza kama ndoo. Soksi tatu, sponji mbele, nikatoa sponji, nikaweka nyuma. Alisema hauumi. Usoni niliona unauma. Nikakwangua ndani kidogo. Saa tano na nusu akasimama, akaweka uzito wote, na uso ukabaki wazi. Nililia. Sioni haya, nilikaa sakafuni nikalia.

Nikamwambia alete kiatu. Mguu bandia hupangwa kulingana na kiatu. Huu nimeupanga kwa viatu vyake vya kazini, kisigino cha urefu wa vidole viwili, kama alivyonitajia kwenye simu. Akaleta raba. Mpya, soli bapa. Alipovaa akawa anatembea kama anapanda mlima, na sakafu ni tambarare. Nikamwambia avae vile vya kazini. Akasema anataka hizi. Nikamuuliza na raba unakwenda wapi, na shule zimefungwa?

Akaniambia bila kuzunguka. Kesho saa nne walimu wanaandamana hadi ofisi ya mkoa kupeleka barua ya madai yao. Yeye ndiye katibu wao. Barua zote tangu Machi ameandika yeye, kitini, na wenzake ndio wanaozipeleka. Wiki iliyopita watatu walirudi na bandeji.

"Kila mara wananisimulia palikuwaje," alisema. "Hii naipeleka mwenyewe, Dada."

Saa nne! Saa ile ile ya lori. Nikafoka. Nilisema mengi. Kwamba nimevuka mpaka, kwamba Mama hali, kwamba hii si nchi yake. Akasema ameishi hapa miaka kumi na moja, wanafunzi wake ndio wanaokosa mtihani, yake ni ipi basi? Nikasema yenye mama yako. Akanyoosha tu mguu mbele yangu nimpangie.

Nilikuwa na spana mkononi. Ningesema nati zimefika mwisho, angeamini. Hajui kitu. Ningesema mguu mpya haukubali raba mpaka baada ya mwezi. Uongo mdogo tu, na kesho nampandisha kwenye lori, Mama anatupokea wote wawili mlangoni. Nikaigeuzageuza spana. Yeye alikuwa anatazama kichwa changu, naamini alijua nawaza nini.

Nikazipanga nati. Sawasawa, kwa raba. Nikiwa nimekasirika, lakini sawasawa. Miaka kumi na nne sijampunguzia mtu hatua yake hata moja, siwezi kuanza na huyu. Akatembea ukumbini mara sita bila gongo. Kazi nzuri. Kazi nzuri sana, na roho inaniuma.

Jumanne, 11 Juni

Saa mbili. Nimemwambia sheria ya mguu mpya: siku ya kwanza ya kutoka nao nje, saa moja tu, kisha unavuliwa. Akaniuliza kama nawaambia hivyo wateja wangu wote au yeye tu. Wote, nikasema, na ndiyo kweli. Akafikiri. Akasema basi saa moja inatosha: dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi, zinabaki ishirini za kupiga kelele. Mwalimu wa hesabu huyo! Nilicheka bila kutaka.

Saa tatu. Breki amepiga, injini inawaka, malori yanatoka kwa msafara na hayamsubiri mtu. Nilimwangalia mdogo wangu akifunga kamba za raba, ile ya kushoto aliifunga kwa uangalifu kuliko ya kulia. Barua iko kwenye bahasha ya kaki, ameipiga pasi.

Tatizo ni hili. Baada ya nusu saa lazima mguu uvuliwe, ngozi itazamwe. Ikiwa nyekundu, soksi moja inaongezwa. Isipotazamwa inachubuka, na kesho hakuna kutembea. Nani atamtazama huko katikati ya watu? Wenzake ni walimu wa jiografia.

Nimemwambia Breki aende. Nikasikia injini ikinguruma. Akasema wiki ijayo atapita hapa hapa, na anatukuta wawili, hakuniuliza, alisema tu.

Saa tatu na nusu. Nimetia spana na soksi mbili mfukoni. Nimevaa vile viatu vyake vya kisigino, vinanibana, ila vyangu vimekatika mkanda. Yeye ameshasimama mlangoni, bila magongo, anasema tunachelewa. Naogopa, na pia — niandike tu — sijawahi kujivunia kazi yangu namna hii.

Simu. Mama. Anajua ni saa ya kupanda lori, anataka kusikia tumeshakaa, wote wawili. Inalia mezani, karibu na mkono wangu. Mdogo wangu ameiangalia, ameniangalia. Amesema mkubwa ni mimi, nipokee mimi.

Haya. Napokea.