Babu Ndahani Ametajwa Darasani

Nyumba za Walimu,
Chamwino, Dodoma.
6 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Emiliana,

Shikamoo. Mbukwenyi pia, kwa Kigogo chetu, maana najua ukiamkiwa Kiswahili kitupu unanuna siku nzima. Goti linaendeleaje? Abeli wako aliniambia siku hizi unakwenda kanisani kwa miguu yako na fimbo umeiacha nyumbani. Nilifurahi, lakini nakuomba, fimbo uichukue. Sisi huku ni wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali na upepo unatulisha vumbi asubuhi na jioni, ila uwele ulikubali na ghala la mama limejaa.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Jambo hili nimekupigia mara mbili nikuambie, nikaishia kuulizia bei ya dagaa wa Kigoma. Abeli akusomee polepole, na wewe uwe umekaa.

Unakumbuka nilikwenda semina pale Makole, ya kufundisha kwa maigizo? Nilirudi nimepamba moto. Darasa langu la saba lina watoto wengi kuliko madawati, na miaka yote nimekuwa nikiandika ubaoni wao wananakili, nusu yao wakisinzia. Nikaanza kuwaigizisha. Walipoigiza kikao cha mkulima na mfugaji, mtoto ambaye hajawahi kunyoosha kidole alisimama akadai fidia ya shamba lake kwa sauti ileile ya baba yake. Mwalimu mkuu wetu, Mzee Mustapha, Mrangi wa Kondoa, alikuwa dirishani. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema kumbe Wagogo tukiachiwa nafasi tunasema. Nilivimba kichwa, shangazi, nisikudanganye.

Basi tukafika kwenye Mtunya, ile njaa kubwa ya wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Kitabu hakisemi mengi. Nikawaambia watoto wawaulize wazee nyumbani, kisha tuigize watakayosikia. Hapo ndipo nilipokosea. Mimi Mgogo, mtoto wa Mgogo, nilisahau kwamba mzee wa kwetu hasimulii jambo bila kusema ni nani, mwana wa nani, wa wapi. Mimi nilitaka hadithi. Wao wakaja na watu.

Kundi la mwisho lilikuwa la Penina. Ni msichana mrefu, mkimya, hesabu anawashinda wote, anaishi na bibi yake, Bibi Priska, ng'ambo ya korongo. Igizo lao lilikuwa fupi. Baba amemshika binti yake mkono, wanatembea na njaa, wanafika kwenye boma lenye uwele. Mwenye boma anajaza debe moja. Baba, ambaye aliigizwa na Denis, analiweka debe begani na kumwambia binti, "Kaa hapa, Chiku. Mvua ikinyesha nitakuja kukuchukua." Anaondoka. Chiku alikuwa Penina. Alikaa sakafuni akitazama mlango, na hakuinuka hata wenzake walipopiga makofi.

Nikauliza, kama tulivyofundishwa semina, huyo baba ni mtu wa namna gani. Penina akanijibu palepale alipokaa: "Ni Ndahani mwana wa Lungwa, wa Handali. Mkono wa kushoto ana vidole vinne. Hakurudi."

Shangazi, huyo ni babu yako. Kile kidole tumekicheka utoto wetu wote, jinsi babu Ndahani alivyokikata kwa shoka akasingizia fisi. Na wewe ndiye uliyetufundisha kujivunia kwamba wakati wa Mtunya hakufa hata mtoto mmoja wa Ndahani. Kwenye harusi ya kaka Ulimboka ulisimama ukasema hivyo, sote tukapiga vigelegele. Sasa nimejua kwa nini hawakufa. Huyo Chiku alikuwa dada wa baba yako. Ni shangazi yako wewe, kama wewe ulivyo wangu.

 Nilifunga kipindi kama mwizi, nikawaambia watoke wakacheze. Huko uwanjani Denis akaanza kumwita Penina "Debe". Unajua watoto, mpaka saa ya kwenda nyumbani shule nzima ilikuwa inaitikia. Nikawakemea kesho yake, jina likahamia barabarani. Haukupita muda Penina akaacha kuja. Na watu wazima nao hawana haya. Kwenye mashine ya kusaga wanawake wanamuuliza Bibi Priska kama lile debe lilijazwa mpaka likafanya kilima au lilisawazishwa.

Mtihani wa darasa la saba ni mwezi ujao. Penina asipoufanya, sekondari ameikosa, na mtoto yule akikosa mimi sijui nitaandika nini tena ubaoni. Mzee Mustapha aliniita ofisini. Safari hii hapakuwa na utani. "Mwalimu Lydia," alisema, "mtoto ametolewa shuleni na igizo lako. Kamrudishe."

Jumapili baada ya ibada nikaenda, nimebeba sukari na majani ya chai. Bibi Priska alinipokea vizuri, akanipa kigoda, mwenyewe akaendelea kupepeta uwele. Huyu bibi ni mtoto wa mwisho wa Chiku, ni rika lako. Mficha uchi hazai, nikamwambia wazi kwamba mimi ni wa ukoo wa Ndahani. Ungo ukasimama. Nikaogopa, na kwa woga wangu nikatoa neno la kijinga. Nikasema, "Bibi, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Akaniambia, "Kwako yamepita. Mama yangu kila mvua ya kwanza ikinyesha alikuwa anafagia njia, kutoka mlangoni mpaka kule barabarani. Nimekua anafagia, nimeolewa anafagia. Sisi tulidhani ni usafi tu. Siku anakufa ndiyo akasema alikuwa anamfagilia nani."

Nikaomba msamaha. Nikamwomba amruhusu Penina arudi, nikaahidi kumlinda mimi mwenyewe. Penina alikuwa amesimama mlangoni, amevaa sketi ya shule siku ya Jumapili. Bibi yake hakupaza hata sauti. Alisema, "Umemkalisha chini mbele ya watu, amsubiri baba ambaye haji. Kwenu mlishamwacha mtoto mmoja. Huyu simpi mtu wa Ndahani."

Tangu siku ile sijui nimkasirikie nani. Nikimfikiria babu, ana watoto wengine wanalia na mtungi umekauka, siwezi kumhukumu. Labda mimi pia ningelibeba lile debe. Lakini mvua ilinyesha, shangazi. Ilinyesha, akalima, akavuna, akaoa mke wa pili, na Handali si mbali. Sisi tukaja tukapigia vigelegele. Naona aibu na nina hasira, na usiku nikifumba macho namwona Penina pale sakafuni. Kama ulijua habari za Chiku, niambie tu, sikushitaki. Kama hukujua, pole sana kwa kuyapata kwa njia hii.

Nisalimie Abeli na mkewe Naima, na yule mdogo wao anayeanza kutembea. Mama anakusalimu. Yeye nimemweleza, alilia kidogo kisha akaniambia haya ni mambo ya ukoo wenu, yeye ni wa kuolewa tu.

Nimalizie na jambo lililonifanya nishike kalamu. Nilipoaga, Bibi Priska alinisindikiza mpaka korongoni, maana hata akiwa na uchungu hawezi kumwacha mgeni aondoke peke yake. Akaniuliza, "Kwenu hakuna mtu mzima aliyebaki?" Nikamjibu yupo, yuko Kigoma, ni binti wa kaka yake Chiku. Alisimama akanitazama. Akasema, "Basi aje yeye. Mtoto haombwi na mtoto."

Njoo, shangazi. Treni ipo, na Abeli atakusindikiza. Sijui utamwambia nini, wala sina hakika kama atakubali. Lakini tangu enzi za Mtunya hakuna mtu wa Ndahani aliyewahi kutoka kwake kwenda kumtafuta Chiku, na aliyebaki mwenye haki ya kwenda ni wewe peke yako.

Mungu akutie nguvu na akulinde njiani.

Mimi mwanao nikupendaye,
Lydia