Chumvi Uliyoniandikia Nikampa Mama Mariat

Nyumbani kwa Muhamood,
Bwera.
22 Agosti 1957

Mpendwa mdogo wangu Siraje,

Assalaam alaikum. U hali gani huko Kampala? Baba Mdogo Magidu aliniambia ulikuwa na kikohozi, natumaini kimekwisha. Huku mvua zimeanza na sote tu wazima. Nimekusalimia kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Sasa nisikilize.

Mwezi wa tano uliniandikia kurasa nne za masomo yako ya uganga wa hospitali. Ulisema chakula kilichosagika hupenya ukuta wa utumbo na kuingia damuni, kikitoka kilipo kingi kwenda kilipo haba, kama sukari inavyoenea ndani ya chai isiyokorogwa. Hewa nayo, ukasema, huingia damuni vivyo hivyo kutoka mapafuni. Nilijivuna nikawasomea majirani. Mwishoni ukaandika kwamba maji hufuata chumvi, basi mtu akiharisha apewe vijiko vitano katika kikombe kimoja, maji yabaki mwilini.

Mwezi wa sita mama mkwe wangu, Mama Mariat, akaharisha. Nilitia vijiko vitano vya chumvi ya Katwe, nikamnywesha kikombe, kisha cha pili. Alitapika, akazidi kuharisha, macho yakaingia ndani, ulimi ukakauka kama gome. Jioni alikuwa hanitambui.

Mume wangu Muhamood aliporudi na lori lake alionja kile kikombe, akatema. Akaniuliza mbele ya watu, "Umepatia mama yangu nini?" Tukampandisha kwenye lori mpaka kwenye zahanati moja huko Kasese, mimi nimekaa nyuma peke yangu kama mwizi.

Mganga wa pale, mzee Kezironi, alimtundikia chupa ya maji, mrija ukaingia mkononi. Aliniambia maji yale nayo yana chumvi, ila imepimwa ilingane na ya damu. Kisha akakata vipande viwili vya kiazi kibichi, kimoja akakitia katika maji matupu, kingine katika maji ya chumvi nyingi. Baada ya muda cha kwanza kilikuwa kigumu, cha pili kimelegea kama kitambaa.

"Mama," akaniambia, "maji inapita ukuta ya tumbo, inakwenda kule chumvi iko mingi. Wewe uliweka chumvi mingi tumboni, basi maji ikatoka kwa damu, ikaifuata."

Kwa hiyo maji yalifuata chumvi, Siraje, kama ulivyosema. Hukujiuliza tu chumvi iko upande gani. Kosa hilo ningekusamehe, maana bado unasoma.

Lakini Mama Mariat alipopona alikataa chakula cha mkono wangu, na Muhamood akanirudisha kwa Baba Mdogo, mpaka wazee wakae. Sikuitaja barua yako. Nilikuandikia kwa siri, nikakuomba neno moja tu, kwamba kipimo kilikuwa chako. Nilingoja wiki tatu. Ukajibu kwamba nilisoma vibaya, kwamba wanawake wa kijijini hawajui tofauti ya kijiko kimoja na vijiko vitano.

Ni mimi niliyekufundisha kusoma, juu ya mkeka wa mama yetu.

Ijumaa iliyopita wazee walikaa. Niliitoa barua yako ya mwezi wa tano nikaisoma yote, na shehe akaisoma tena kwa macho yake. Mzee Kezironi alikuja toka Kasese, akaeleza ya kiazi. Muhamood akaniomba radhi mbele yao. Nimerudi kwangu. Jana Mama Mariat alikula ugali nilioupika, akasema, "Huyu mutoto alinikosea bila kujua. Mimi namusamehe."

Alikuwa anakusema wewe. Amekusamehe yeye aliyekaribia kufa. Mimi bado.

Usiniandikie tena dawa yoyote. Gari moshi siku hizi lafika Kasese; ukiwa na la kusema, njoo uliseme ukinitazama. Ukileta visingizio, hutavuka kizingiti changu.

Nisalimie Shangazi Hanifah na watoto wake, hao hawana kosa. Mungu akupe elimu kamili, na kabla ya hapo akuepushe na wagonjwa.

Ni mimi dada yako, tumbo moja, ambaye leo sikupendi,

Hajara