Jina Alilonyamazia

Ndithini,
Jumatano

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na za watu wote wa boma hili. Natumaini mvua hii haijakutesa goti, na kwamba mahindi ya Kalama yamesimama. Sisi huku tulikuwa wazima hadi jana.

Ninaandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba Kamanthe. Jana Jumanne alitimiza wiki sita, nikampeleka zahanati kama kadi ilivyosema. Alidungwa sindano pajani, akatiwa matone mdomoni. Alilia kidogo, akanyonya, tukarudi nyumbani vizuri.

Saa nane mchana akaanza kulia. Baba, kwa wiki hizi sita nimejifunza kilio chake cha njaa na kilio chake cha nepi. Hiki sikukijua. Ni chembamba, cha juu, kama cha mwana wa mbuzi aliyenaswa kwenye ua. Alilia hadi jua likakaribia kutua. Leo mwili ni wa moto, paja limevimba, akiguswa anashtuka, ziwa analishika na kuliachia. Akinyamaza kidogo anaanza tena.

Muuguzi alitueleza mambo mengi, lakini tulikuwa akina mama thelathini na watoto wote wanalia, sikusikia hata nusu. Mutiso yuko kazini Thika, haji hadi mwisho wa mwezi. Mama mkwe amemfunga mtoto kwa mablanketi mawili ili jasho litoke. Anasema huyu si mgonjwa, ila ana neno lake. Hajaniambia ni neno gani.

Wewe na marehemu mama mlilea watoto wanne. Je, nasi tulilia hivi? Nimemharibu mtoto wangu kwa kumpeleka? Nijibu upesi. Barua hii nampa Mwangangi, mwuza asali, anayekuja Machakos kesho.

Ni mimi binti yako,
Nthambi


Kalama,
27 Novemba 1997

Binti yangu Nthambi,

Mimi ni mzima. Goti liko mahali pake, linauma inavyolipasa. Mahindi yamesimama, isipokuwa yale ya bondeni, ambayo yamekwenda na maji.

Barua yako nimeipata leo. Mwangangi alizuiwa na mto kwa siku tisa, na alipovuka aliona ni vyema auze asali kwanza, ndipo akumbuke barua mfukoni. Nimemwambia niliyoyafikiri. Nawe hukuandika tarehe. Jumatano ni nyingi. Nimekaa na karatasi yako nisijue kama mtoto analia saa hii ninapoandika, au amekwisha kupona, au... sentensi hiyo sitaimalizia. Kuanzia sasa, weka tarehe.

Hujamharibu. Nimetoka kwa muuguzi wetu wa hapa, nikamsomea barua yako, isipokuwa sehemu zinazomhusu mkwe wangu, mama wa Mutiso. Anasema sindano hiyo huwatia watoto wengine homa, uvimbe na kilio kirefu, na kwamba mambo hayo huisha yenyewe siku ya pili au ya tatu. Vua mablanketi hayo. Mtoto mwenye moto hafunikwi, hupunguziwa nguo. Paja liwekewe kitambaa safi kilicholowa maji baridi, lisikandwe wala kupakwa samli. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Lakini akipata degedege, au akilegea kama kitambaa, au homa ikipita siku mbili, usiandike barua. Mbebe uende hospitali wakati huo huo.

Umeniuliza kama mlilia. Kaka zako hawakulia. Wewe ulilia alasiri nzima, hata mimi nikatoka nikaenda kusahihisha madaftari kanisani. Mama yako alibaki nawe. Sikujivunia jambo hilo wakati ule, wala sijivunii leo.

Ningekuja mwenyewe. Lakini unajua kwamba baba wa mke haingii boma la wakwe bila kuitwa, sembuse kwenda kumfundisha mama wa watu namna ya kufunika mtoto. Kwa hiyo yavue wewe, kwa heshima.

Nijulishe.

Baba yako,
Musili


Ndithini,
6 Desemba 1997

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa mahindi ya bondeni. Tarehe nimeiweka, uione.

Utulie, Baba. Mtoto alinyamaza Alhamisi, siku moja tu baada ya mimi kukuandikia. Wakati wewe unamsomea muuguzi barua yangu, yeye alikuwa ananyonya na kulala na kunenepa. Nilitaka kukupa habari mapema, lakini barabara ilikuwa imekatika. Tena kuna jambo ambalo sikujua nitaliandikaje. Sasa naliandika.

Alhamisi asubuhi mama mkwe alimchukua mtoto, akakaa naye kwenye kigoda nje ya jiko. Aliniambia, "Mtoto huyu amenikataa." Ndilo neno alilokuwa akilisema. Wazee wa huku wanashikilia kwamba mtoto asiyenyamaza amepewa jina lisilo lake, na kwamba kuna mwingine, katika waliotangulia, anayetaka kuitwa. Huyu wetu alikuwa amepewa jina la mama mkwe mwenyewe, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza. Basi akaanza kuwataja waliokufa, mmoja mmoja. Akitaja jina, ananyamaza, anamtazama mtoto usoni, anangoja. Mama mkwe wake. Shangazi za Mutiso. Dada yake aliyekufa akijifungua. Mtoto analia tu. Ilipofika saa sita alikuwa amewamaliza watu wake wote.

Ndipo akaniuliza, "Mama yako aliitwa nani?"

Nikamwambia, Ndinda.

Alilitaja mara moja. Mtoto akavuta pumzi, akanyamaza. Nilimpa ziwa, akalishika, akalala hadi jioni na mwili ukapoa.

Mama mkwe aliingia jikoni na hakutoka hadi chakula kikaiva. Sijamsikia akilalamika. Lakini jina lake lilidumu wiki sita, Baba, na jirani zake wote wanajua. Sasa boma zima linamwita mtoto Ndinda. Mutiso alipokuja alishangaa, kisha akakubali.

Sasa shida ni hii. Sindano ya pili ni Jumanne, tarehe tisa. Mama mkwe amekataa. Anasema Ndinda ametulia, asichokozwe. Nami nisikudanganye: sitaki kusikia kilio kile tena. Nikisikia jina la mama likiitwa uani, moyo wangu unakaa chini na kupumzika. Niambie la kufanya, ingawa najua utakuwa umechelewa.

Binti yako,
Nthambi


Kalama,
15 Desemba 1997

Binti yangu Nthambi,

Nashukuru kwa habari njema na kwa tarehe. Sisi tu wazima. Barua yako niliipata juzi. Nilipoisoma niliiweka mezani, nikaenda kupalilia maharagwe ambayo hayakuhitaji kupaliliwa. Leo ndipo ninaweza kukujibu.

Siku ya kliniki imepita. Muuguzi wetu anasema kuchelewa hakubatilishi kitu, mradi uende. Basi nenda.

Nisikilize sasa. Mtoto alidungwa Jumanne asubuhi. Alinyamaza Alhamisi adhuhuri. Homa ya sindano hiyo hukaa muda huo huo, siku mbili au pungufu. Ilikuwa inaondoka yenyewe. Mkwe wangu angemaliza majina ya ukoo wake akaendelea na majina ya vilima vya Ukambani, na mtoto angenyamaza kwenye kilima kilichoangukia saa hiyo. Jina halikumnyamazisha. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekataliwa. Mwambie mama mkwe wako hivyo, kwa maneno hayo hayo: hakuna mtu aliyekataliwa. Jina la mtoto ni Kamanthe, na mwenye jina arudishiwe heshima yake mbele ya hao jirani.

Usidhani ninaandika haya kwa urahisi. Huu ni mwaka wa sita tangu mama yako afariki, na katika nyumba hii hakuna anayelitaja jina lake ila mimi, tena nikiwa peke yangu. Kusikia kwamba linaitwa uani, na kwamba kuna mtu anayeliitikia, ni jambo ambalo nisingethubutu kuliomba. Ningeweza kunyamaza nikalipokea. Lakini nikinyamaza, mtoto hatachanjwa, kwa sababu nyote wawili mtaamini kwamba jina linatosha.

Halitoshi. Mwaka niliofundisha darasa la kwanza kwa mara ya kwanza, kifaduro, kikohozi ambacho sindano hii hukizuia, kilipita kijijini. Watoto walikohoa hadi wakatapika, hadi nyuso zikabadilika rangi. Wawili hawakurudi darasani. Walikuwa na majina mazuri, ya babu zao, waliyopewa kwa utaratibu wote.

Kilio utakisikia tena. Pengine kitakuwa kifupi, pengine kirefu. Kivumilie.

Baba yako,
Musili


Kalama,
5 Januari 1998

Nthambi,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Mutiso na kwa mama mkwe wako. Wiki tatu zimepita bila neno. Nilimtafuta Mwangangi sokoni, akaniambia alipita karibu na boma lenu na akaona moshi jikoni. Moshi si jibu.

Andika mstari mmoja tu: amekwenda au hakwenda. Na kama barua yangu imemuudhi mkwe wangu, niandikie hilo pia. Nitakuja nisimame langoni niombe radhi, bila kuingia.

Baba yako,
Musili


Ndithini,
9 Januari 1998

Baba mpendwa,

Heri ya mwaka mpya nawe. Amekwenda. Naanza na hilo ili ukae kitako usome yaliyobaki.

Nisamehe ukimya wangu. Barua yako ilifika kabla ya Krismasi, nami niliificha ndani ya unga wa dengu. Mama mkwe hasomi, ingenipasa kumsomea, na niliogopa. Niliogopa atakasirika. Tena niliogopa kwamba atakubali, jina la mama liondoke. Kila nilipofungua ule unga nilijiona mwizi.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilimsomea yote, hata ya vilima. Alisikiliza akichambua mboga. Nilipomaliza akaniambia nirudie pale pa kukataliwa. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Kisha akasema, "Mwalimu ni mtu wa vitabu. Tutaona wenyewe. Huyu sasa ni Ndinda. Akidungwa, na akilia vilevile akiwa Ndinda, basi baba yako amesema kweli."

Jumanne tulikwenda sote watatu. Mtoto alimbeba yeye mgongoni, hakutaka kunipa hata kwenye tope. Zahanati alimwendea muuguzi mezani, akamtaka aeleze yote polepole, tena kwa Kikamba, na akina mama wengine wangoje. Muuguzi akamwuliza, "Nyanya, wewe ndiye unayedungwa?" Akajibu kwamba yeye ndiye atakayesikiliza kilio, kwa hiyo ndiye wa kuelezwa. Tukaelezwa vizuri, na robo ya kidonge cha homa tukapewa, cha kusagwa katika maziwa yangu.

Mtoto alidungwa, tukarudi. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake, mtoto magotini, hana blanketi hata moja. Tukangoja. Sijawahi kungoja kitu hivyo, hata kuzaa kwenyewe. Saa tisa kasoro Ndinda akakunja uso akaanza.

Kilikuwa kilio kile. Chembamba, cha juu. Mimi nilikimbilia maji na kitambaa. Mama mkwe aliinamisha sikio kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu. Hakutaja jina la mtu yeyote. Kisha akasema, "Ni kile kile."

Akaanza kucheka. Alicheka, Baba, hata machozi yakamtoka, mtoto analia, yeye anacheka, mimi nimesimama na kitambaa cha maji sijui nimpoze nani. Akaniambia, "Kumbe ni sindano. Nami nimekaa karibu miezi miwili najiuliza nilimkosea nini mtoto wa siku arobaini."

Tulimpa dawa, tukalipoza paja. Kabla ya jua kutua alikuwa amelala. Siku ya pili alikuwa mnyonge kidogo, lakini akanyonya. Leo amenichekea nilipokuwa namwosha.

Jana nilimwambia, "Mama, basi tumrudishie jina lako." Nililisema kwa shida, lakini nililisema, kwa sababu wewe ulilisema kwanza. Alinijibu bila kuinua macho: "Jina si kijiko, kwamba leo naazimisha, kesho nadai. Nilitaka kujua tu kama nilikataliwa. Sikukataliwa. Huyu ni Ndinda. Mimi nizalieni mwingine."

Sindano ya tatu ni Jumanne, tarehe tatu Februari. Mama mkwe anasema uje. Anasema niandike hivi: umeitwa.

Binti yako,
Nthambi


Kalama,
20 Januari 1998

Binti yangu Nthambi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimeketi, kama ulivyotaka. Habari ya unga wa dengu nimeielewa. Sitalizungumzia jambo hilo zaidi.

Nimeitwa, kwa hiyo nitakuja. Nitafika Jumatatu, tarehe mbili, na kulala kwa mwalimu mkuu wa shule yenu, kama inavyonipasa. Jumanne asubuhi nitakuwa langoni mapema. Kama mkwe wangu ataniruhusu, safari hii mtoto nimbebe mimi hadi zahanati, na alasiri nikae hapo uani hadi kilio kiishe, hata kikiwa kirefu namna gani.

Mwambie mkwe wangu asante. Nimetafuta neno kubwa zaidi ya hilo tangu jana, sijalipata.

Msalimie Ndinda.

Baba yako,
Musili