Malaika Juu ya Kitanda cha Mama

Misheni, Bagamoyo
7 Machi 1938

Dada Zuleha,

Shikamoo. Mama anaendeleaje, kifua kimelegea? Mimi mzima, chuma cha pua. Ningeanza na Tumsifu Yesu Kristo, ila najua ungeikunja barua hujafika chini.

Mosi muuza ngisi kaniambia umeishusha picha ya malaika niliyomtundikia mama juu ya kitanda. Wewe nani? Umeishia chuo cha Kurani, mimi nimefika darasa la nne, katekisimu naimwaga kama maji! Kila mtu ana malaika wake mlinzi tangu kuzaliwa. Wangu namsalimu asubuhi kabla sijanawa uso, na nikilala namwachia zamu. Kengele ya Malaika wa Bwana ikilia mchana naweka randa chini, nasali, hata fundi mkuu akinikodolea macho. Tangu nibatizwe Rafaeli sijaumwa hata jino. Mama naye anamhitaji wake. Irudishe!

Mdogo wako,
Majaliwa Rafaeli


Mlingotini
11 Machi 1938

Mdogo wangu Majaliwa,

Marahaba. Sisi tupo, ila mama kifua kinambana, uji hamalizi hata kikombe.

Wewe mpumbavu mwenye randa. Ulimgongea mama msumari juu ya kichwa, amelala. Kuamka akaona dume lenye nywele za kike na mabawa ya bata, akalia. Umesahau aliyokufundisha marehemu baba? Nyumba yenye picha, malaika wa rehema hawaingii. Mama anaumwa hivi, unataka wamfikie wapi, uani? Aliyesema ishushwe ni yeye mwenyewe.

Njoo umwone, anakuulizia kila siku. Lakini ukija na ubishi wa picha, wallahi nakufungia mlango.

Dada yako,
Zuleha


Misheni, Bagamoyo
14 Machi 1938

Dada,

Shikamoo ya shingo upande. Mpe mama pole.

Mimi nifungiwe mlango wa nyumba niliyoikandika kwa mikono yangu? Malaika gani hao wanaoogopa karatasi? Padri naye kaniudhi. Kasema, "Rafaeli, malaika wa mama yako hangoji picha. Nenda mikono mitupu." Nikamjibu, Padri, humjui Zuleha, ukimwachia ukindu anachukua mkeka.

Basi siji. Nitakuja siku picha itakapokuwa ukutani na wewe umeniomba radhi. Mwambie mama namwombea, na umwambie aliyenizuia ni wewe.

Mdogo wako,
Rafaeli


Mlingotini
19 Machi 1938

Majaliwa,

Hali sikuulizi.

Mama alifariki Alhamisi alasiri, jana tukamzika. Mosi alikufuata karakana, akaambiwa umepelekwa Kerege kutia milango.

Jumatano nilimsomea barua yako, yote, hata pale pa kunitukana. Kisha akasema, "Zuleha, itundike."

Nikamwambia, "Mama, na malaika je?"

Akasema, "Watangoja nje. Mwanangu aingie."

Nikaitundika kwa mkono wangu huu. Akageuza uso mlangoni, hakuurudisha tena. Nimemsomea Yasini chini ya mabawa yale, kwa hasira, nikikosea aya ninazozijua tangu utoto.

Picha bado ipo ukutani. Radhi sikuombi. Matanga tunaanua kesho, mlango uko wazi.

Mtoto wa mama yako,
Zuleha