Nchi Isiyo na Wenyeji

Jumatatu, 14 Julai

Bado nasahihisha. Vidole vina wino mwekundu, nywele zina vumbi la salfa. Jirani anapulizia mikorosho yake tangu alfajiri na upepo wote unakuja kwangu. Kazi ya Jiografia, Kidato cha Tatu: buni nchi, chora ramani yake, eleza mito, milima, watu na shughuli zao. Wengi wamechora Dar es Salaam wakaibadilisha jina. Mmoja kazungusha bahari pande zote, halafu treni inakwenda nchi jirani. Nimecheka peke yangu.

Ya Anastazia wa Nambambo haichekeshi. Nchi yake inaitwa Tumefika. Mji mkuu: Shusha Mzigo. Mto mkubwa: Tulivuka. Kontua kazichora vizuri kuliko zangu za ubaoni. Watu wa nchi hiyo wanaitwa Wakuja. Kuna Wakuja wa Zamani, Wakuja wa Juzi na Wakuja wa Leo. Kwenye nafasi ya wenyeji kaandika: "Hawajapatikana."

Nimemkata alama nne. Pembeni nimeandika: "Kila nchi ina wenyeji wake. Rekebisha." Nikachukua daftari lingine.

Jumatano, 16 Julai

Leo tumechagua ramani tatu za kwenda kwenye maonyesho Ruangwa. Ya Anastazia imepita bila ubishi, hata na alama zake pungufu. Kisha Mkuu wa shule akasogeza miwani, akasoma. "Wakuja? Huu ni uchochezi. Afute, aandike Wananchi. Asipofuta, haiendi."

Uchochezi! Mtu huyu huyu muhula uliopita aliulizwa nani kaongoza Jiografia, akajibu, "Nani tena, si yule mkuja wa Nambambo!" Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, nisijidanganye.

Babu yake Anastazia alivuka Ruvuma akikimbia vita Msumbiji. Baba yake kazaliwa hapa. Yeye kazaliwa hapa. Bado foleni ya maji ikiwa ndefu anaambiwa mkuja arudi nyuma. Neno hilo mdomoni mwetu ni mzaha. Yeye akiliandika kwenye karatasi ya manila, limekuwa kosa. Nimekasirika hadi chai ya saa nne imenishinda.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwita nikamwambia afute. Ndiyo, nimemwambia. Nilitaka ramani yake iende, nikajiona nina busara.

Akasimama, mikono nyuma. "Madamu, nikiwafuta, nchi itabaki na nani?"

Nikamrudisha darasani kwa sauti ya ukali ambayo hakustahili. Mchana Mkuu kaniambia kama mtoto ni mkaidi, nifute mimi. Kanipa na kichupa cha wino mweupe. Kipo mezani hapa. Sitaki hata kukiangalia.

Jumamosi, 19 Julai

Nipo Lionja, kijijini kwa mama. Tumesafisha chini ya mikorosho, mgongo unauma. Nikamsimulia habari yote nikitegemea atanionea huruma. Nikaongeza kwamba sisi angalau hatuna shida hiyo, sisi ni wenyeji.

Mama akacheka mpaka akashika fagio kwa mikono miwili. "Wenyeji wa wapi, mwanangu? Sisi tumeshushwa hapa na lori, wakati ule wa kuhamia vijijini. Wewe hata ulikuwa hujazaliwa. Hii mikorosho mikubwa tuliikuta."

Tuliikuta. Nikauliza aliyeipanda ni nani.

"Wamakua. Nao walipakiwa lori lao, wakapelekwa sijui wapi." Akaendelea kufagia.

Ada yangu ya shule ilitoka kwenye miti hii. Sare, viatu, sanduku la bweni, vyote. Miaka yote nimeiita mikorosho ya baba. Hakuna aliyenidanganya, ila hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza kwa sababu mwenyeji haulizi. Naona aibu. Nina hasira na Mkuu vile vile, haijapungua hata kidogo, ila sasa na mimi nimo. Nilimkata mtoto alama nne kwa kusema kweli.

Jumatatu, 21 Julai

Ruangwa na kurudi. Nimeibeba ramani mwenyewe ikiwa imeviringishwa, Mkuu akidhani nimefuta, nimeibandika mwenyewe. Haijafutwa hata herufi.

Watu wamejaa mbele yake. Mzee mmoja kauliza fomu za kuomba shamba Shusha Mzigo zinatolewa wapi. Wenzake wakamwambia asubiri, Wakuja wa Leo wapo nyuma ya foleni. Mama mmoja mwenye kilemba aliweka kidole kwenye Mto Tulivuka akaufuata polepole hadi ukingoni mwa karatasi. Anastazia alikuwa pembeni anawaeleza kontua.

Zawadi hatukupata. Habari zilimfikia Mkuu kabla gari halijaturudisha Nachingwea.

Jumanne, 22 Julai

Barua. Nijieleze kwa maandishi ndani ya siku tatu kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kukaidi agizo. Mhuri mkubwa, sahihi kubwa. Walimu wenzangu wananisalimia kwa kunong'ona, utafikiri nimefiwa. Juzi walisema ramani ni nzuri. Leo hakuna aliyewahi kuiona! Mwenzangu wa Historia kanishauri niombe radhi yaishe. Niombe radhi kwa nani? Anayestahili kuombwa radhi ana miaka kumi na saba na anakaa dawati la mbele.

Ijumaa, 25 Julai

Nimepeleka barua. Mstari mmoja: sikulifuta neno hilo kwa sababu halikuwa kosa. Mkuu kaisoma amesimama, kaiweka kwenye droo. Sijui itakuwaje. Naweza kuhamishwa. Kichupa chake nimemrudishia.

Darasani nimesema nilikosea kusahihisha, nikamrudishia Anastazia alama zake nne mbele ya wote. Nikawasimulia na habari ya lori.

Jioni amekuja kuchukua ramani, penseli mkononi. Kauliza, bila kunitazama usoni, "Madamu, wewe nikuweke wapi?"

"Wakuja wa Juzi."

Kaandika Lionja, kaskazini kidogo mwa mto. Nikamwomba achore na mkorosho. Kachora, kisha kwenye ufunguo wa ramani kaacha nafasi, akanipa penseli. Nimeandika mwenyewe: mikorosho tuliyoikuta.

Jirani kamaliza salfa. Leo hakuna upepo.