Lamuriaki ya Harusi ya Isinya

Jumatatu, 18 Novemba 2024
Kitengela. Mwezi wa tisa tangu nitoke Bungoma. Nimeponda lamuriaki za aiskrimu tangu asubuhi, zile beri nyeusi za miiba ya huku. Mikono imekuwa zambarau mpaka kwa kiwiko. Mgongo umekataa. Watu wanatoka Nkoroi kuja kununua aiskrimu hii moja tu. Jumamosi tutaipeleka harusi kubwa Isinya. Mama Wambui, mwenye duka, amesema ikienda vizuri nitapata likizo ya Krismasi. Ikiharibika ataacha hii ladha, na mimi nirudi kubeba mawe mjengo. Mtoto wangu wa mwisho sijawahi kumshika.

Jumatano, 20 Novemba
Kabla ya kuchanganya, maziwa hulala usiku mmoja ndani ya vibuyu. Mama Naserian wa Isinya hutuletea vibuyu vyenyewe kila wiki. Kazi hiyo ilikuwa ya Agnes, lakini ameenda kujifungua. Leo nimechungulia ndani. Vyeusi, na vipande vya makaa. Nimeona aibu kuweka maziwa ya harusi kwa uchafu. Nimevisugua vyote na mchanga na sabuni mpaka maji yakatoka safi. Nimechoka, lakini nimejipenda.

Alhamisi, 21 Novemba
Mambo ni mabaya. Mzee mmoja wa Laiser Hill, mteja wa kila wiki, amelamba mara moja akarudisha kikombe. "Kijana, hii ni ya watoto wa nasari. Yetu iko wapi?" Mama Wambui ameonja, akaniangalia, akafunika mkebe. Afadhali angenitukana. Nimeongeza beri. Nimepunguza sukari. Bure. Naogopa.

Ijumaa, 22 Novemba
Kilichobadilika ni vibuyu nilivyoosha tu, kwa hivyo nimevibeba mpaka kwa Mama Naserian. Amenusa kimoja tu, akaita majirani. "Kujeni muone mwanaume anayeosha vibuyu!" Wamekuja wote, hata nyanya mmoja na fimbo yake. Kumbe ule weusi ndio utamu. Anachoma kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, anaingiza kaa la moto ndani ya kibuyu, anatikisa, anapangusa na brashi ya mkia wa ng'ombe. Ni kazi ya wanawake. Mwanaume hagusi. "Kwenu hakuna bibi wa kukukataza?" Nikamwambia yuko, lakini yuko mbali. Akacheka tena, akavifukiza vyote upya. Nimerudi nikinuka moshi. Nimemweleza Mama Wambui yote. Amecheka mpaka akashika kaunta. Maziwa yako ndani ya vibuyu sasa.

Jumamosi, 23 Novemba
Tumeshinda. Wazee wa shuka walisimama kwa laini pamoja na watoto, na hawakuona haya. Baba ya bibi harusi ametuma kikombe kijazwe, kikajazwa, akatuma tena. Pasta ameacha keki. Yule mzee wa Laiser Hill alikuwepo, jamaa ya bwana harusi. Amelamba, akafunga macho, akasema, "Eeh. Sasa umerudi." Watu wakauliza nani amepika. Mama Naserian akaninyooshea kidole: "Ni huyo, bibi yangu wa vibuyu." Hema lote likacheka. Nikainama kama mfalme. Mikebe imebaki mitupu, nimeikwangua mimi mwenyewe. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu namna hii.

Jumapili, 24 Novemba
Nimelala mpaka jua likaingia ndani. Nimefua. Mama Wambui amepiga simu baada ya kanisa, akasema Krismasi niende nyumbani bila wasiwasi. Nimempigia mke wangu. Ameweka simu kwa mdomo wa mtoto, nikasikia anapumua. Nitafika Jumamosi, tarehe 21 Desemba, jioni.