Vidoti vya Rangi ya Kucha kwenye Simu ya Mama

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unatembea bila kushika ukuta, na lile goti limeacha kukusumbua. Baba mdogo naye mpe shikamoo yake. Wale pacha wanaendeleaje na shule? Sisi huku wazima wa mwili. Zaidi ya hapo sitaki kukudanganya.

Najua utashangaa kuona karatasi. Mwandiko wangu ni kama kuku amepita na matope miguuni, na shule unajua mwenyewe niliishia wapi. Lakini kwa simu ningeshindwa. Ungeniuliza swali moja tu ningekaa kimya, na wewe ungedhani mtandao umekatika.

Kazi ni ileile, napiga pasi kwa dobi. Bosi hana neno na mimi. Anasema hata pasi ina maneno mengi kunishinda, maana yenyewe angalau ikipata maji inafoka.

Mama bado anashona. Macho yamepungua ila mkono haujasahau.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka ile programu ya barua pepe aliyokuwa anatumia dada Chiriku, Mungu amrehemu. Kule alikokuwa anafanya kazi za ndani, mwenye nyumba alikuwa na tabia ya kuchukua simu yake na kuipekua. Ndiyo akatafuta hii, ambayo kila barua inafungwa kwa kufuli, haisomwi na mtu ila aliyeandika na aliyeandikiwa. Likizo yake ile ya mwisho akaiweka na kwenye simu ya mama. Na kwa kuwa mama hajui kusoma, alikuwa anamrekodia sauti. Ananong'ona akiwa jikoni kwa watu, unasikia na sufuria zinagongana. Zile sauti hazikai kwenye simu, unazisikilizia humohumo ndani ya programu.

Ili mama asipotee, akachukua rangi ya kucha akaweka vidoti viwili juu ya kioo. Chekundu chini kulia, cheupe katikati. Akamwambia, "Mama, nyekundu halafu nyeupe, basi, utanisikia." Mama akacheka. "We nioneshe alama tu. Mimi fundi cherehani, nikiona alama sipotei."

Dada alipofariki sauti zikabaki mle. Kila jioni mama akishafunika cherehani, nyekundu, nyeupe. Kuna moja alikuwa ananisema mimi, eti mwishowe nitaoa pasi. Mama alikuwa anairudia hiyo makusudi nikiwepo.

Basi, mwezi uliopita programu ikajibadilisha sura yenyewe, simu ikiwa kwenye chaji. Hakuna aliyetuuliza. Mama alipoifungua akakuta rangi nyingine na vitufe vyote vimehama. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nakunja nguo. Nikaona uso wake umesita kidogo, halafu nikaona kidole kinakwenda kwenye nyekundu. Kumbe sasa chini ya nyekundu wameweka kitufe cha kutoka. Ikauliza kama ana hakika, na kitufe cha "Ndiyo" kikakaa sawasawa chini ya kidoti cheupe. Kidole kikafuata alama. Mimi ndiyo kwanza nafungua mdomo.

Ikatoka, ikataka neno la siri. Juu imeandikwa, "Karibu kwenye muonekano mpya, rahisi zaidi na safi zaidi." Nikamsomea mama. Akasema, "Safi kweli. Kama nyumba iliyopitiwa na wezi."

Neno la siri alilijua Chiriku peke yake. Tulijaribu. Mama anataja, mimi naandika. Jina la paka wake, la rafiki yake wa shule, la yule mvulana tuliyejifanya hatumjui, hata lile jina la utani ulilompa wewe akiwa mchanga. Wapi. Mama mdogo, mtu alikuwa anaongea kutwa nzima mpaka tukamwita Chiriku, na kumbe hatukujua hata neno moja alilolificha moyoni.

Nikaenda kwa fundi simu, yule wanamwita Daktari, ana kimeza chake chini ya ngazi. Nilizunguka pale mpaka wateja wakaisha. Akaniona. "We bubu, unataka huduma au unanilinda?" Nikamweleza, kidogo kidogo. Utani ukamwisha.

Akahangaika, akapata neno jipya la siri kupitia namba ya simu ya mama. Ikafunguka! Mama, niliyekuwa nimemwacha nje amekaa kwenye ngazi, akanyanyuka mbio kama msichana. Barua zote zipo, zimejipanga, jina la dada kila mstari. Ila kila moja ina kikufuli cha kijivu. Ukigusa, kimya.

Daktari akakuna kichwa. "Tumefungua mlango, masanduku hatujayafungua. Haya yalifungwa kwa lile neno la zamani."

"Na wenyewe wenye kampuni?"

"Hata wenyewe hawaoni kitu, mdogo wangu. Ndiyo sifa yake hiyo. Ndiyo watu wanachoipendea."

Akawaandikia hata hivyo, hakutaka niondoke hivihivi. Wakajibu kwa adabu, pole nyingi, na maneno yaleyale aliyosema yeye.

Nimewaza sana nikiwa kwenye pasi. Kufuli siwezi kuilaumu, imefanya alichotaka dada, imezuia kila mtu. Imezuia mpaka mama yake. Ila hao waliohamisha vitufe, sijui. Labda walikaa mezani wakasema watu watazoea. Na wengine wamezoea kweli. Mteja wetu mmoja anayo programu hiyo, nilimsikia akiisifu huku anasubiri mashati yake. Nikamkabidhi mashati.

Nilitaka kufuta vile vidoti kwa spiriti, niviweke pale vitufe vilipo sasa, mama asije akajichanganya tena. Akaninyang'anya simu. "Hivi aliviweka kwa mkono wake. Usiviguse!" Basi vipo. Jioni akishafunika cherehani huwa anavigusa, nyekundu, nyeupe. Mimi huwa nimeshaizima simu kabla, ili asibonyeze kitu kingine. Anajua nimeizima.

Sasa mama mdogo, ombi langu. Dada alikaa kwako kabla hajapata kazi ile. Aliwahi kukutumia sauti yoyote? Hata ya kusema amefika salama, hata anakohoa tu. Au kuna neno alikuwa analipenda akiwa kwako, jina, chochote ambacho sisi hatukijui? Tazama na kwenye ile simu yako ya zamani. Najua ulisema iliingia maji, na nadhani jibu ninalo tayari. Lakini tazama tu.

Mama hajui kama nimekuandikia. Nimeogopa ataanza kusubiri, na kusubiri ameshasubiri vya kutosha.

Wasalimie pacha, waambie kaka yao anawakumbuka. Babu naye msalimie, na shangazi wa sokoni ukimwona. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na mlango usiogongwa kwa habari mbaya.

Na kama hakuna kitu, tafadhali usipige simu kuniambia hakuna. Simu anapokea mama, ataijua sauti yako kabla hujasema lolote. Niandikie tu habari za goti na za pacha. Nitaelewa.

Mimi mwanao nikupendaye, ingawa sisemi,
mtoto wa dada yako